Jina na Sumu: Juu ya Buibui Agrestis na Vidonda Anavyosingiziwa

Mwaka 1802 mtaalamu wa Kifaransa Walckenaer alimwandika buibui mmoja wa rangi ya kahawia akampa jina la Aranea agrestis. Neno la pili latokana na ager, yaani shamba au konde, katika lugha ya Kilatini. Maana yake ni "wa mashambani". Jina hilo lilimfaa, kwa kuwa katika nchi za Ulaya buibui huyo aghalabu hukaa nje, chini ya mawe, katika majani na kandokando ya njia za reli, wala si mwenyeji wa nyumba za watu. Baadaye wanazuoni walimhamishia katika ukoo wa Tegenaria, na kwa jina la Tegenaria agrestis alijulikana kwa miaka mingi.

Lakini katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Marekani jina lilelile lilisomwa vingine. Watu wasiojua Kilatini walilinganisha agrestis na neno la Kiingereza lenye maana ya mkali, mwenye kushambulia, wakamwita "buibui mkali wa nyumbani". Neno hilo la Kiingereza kweli lina asili ya Kilatini, ila latoka katika aggredi, kitendo cha kumwendea mtu kwa nia ya kumshambulia, na halina udugu wowote na ager. Herufi zimefanana tu. Makosa ya namna hii ni ya kawaida katika kila lugha, na kama yangeishia katika neno yangekuwa kichekesho cha wanafunzi. Hili halikuishia hapo, kwa sababu tabia aliyobandikwa buibui kwa jina ilikuja kukutana na ugonjwa uliokuwa ukitafuta mwenyewe.

Buibui huyu alipatikana Seattle katika miaka ya 1930, na yadhaniwa alifika pamoja na shehena kutoka Ulaya. Toka hapo alienea polepole mpaka Idaho, Oregon na Utah, na upande wa kaskazini mpaka British Columbia katika Kanada. Kwa kuwa ilidhaniwa alisafiri kwa njia za reli, alipata jina jingine la wale wazururaji wa zamani waliokuwa wakidandia magari ya moshi bila nauli. Kiwiliwili chake ni kama sentimeta moja na kitu. Hutandaza utando bapa, na mwisho wake pana shimo kama mdomo wa faneli ambamo hukaa kungoja mawindo. Kuparamia kuta laini hawezi vizuri. Ndiyo sababu madume, wanaotangatanga mwishoni mwa kiangazi kutafuta majike, huonekana wamenaswa katika masinki na mabafu, na mwenye nyumba hushtuka. Kumtambua kwa hakika ni kazi ya mtaalamu mwenye hadubini, maana buibui wa kahawia ni wengi, na alama zinazomtenga na jamaa zake zimo katika viungo vya uzazi. Mtu anayesema alimjua kwa kumtupia jicho sakafuni amesema zaidi ya alichokiona.

Sasa habari ya vidonda. Mwaka 1957 wachunguzi wa Missouri walionyesha kwamba buibui mwingine, Loxosceles reclusa, ndiye anayeelekea kuwa asili ya vidonda vya kuoza nyama vilivyoonekana katika majimbo ya katikati ya Marekani. Jambo hilo limethibitika. Sumu ya Loxosceles ina kimeng'enya kinachoitwa sfingomailinasi D, ambacho huharibu utando wa seli, na kwa baadhi ya watu ngozi hufa ikaacha donda lisilopona upesi. Baada ya hapo madaktari wa kaskazini-magharibi nao, kila walipoona donda la namna hiyo, walimtaja Loxosceles. Shida ni kwamba buibui huyo hakai katika majimbo yale. Kwa hiyo palikuwa na mashtaka pasipo mshtakiwa.

Hapo ndipo alipoingia Darwin Vest, mchunguzi wa Idaho. Alitafuta buibui waliokuwamo katika nyumba za wagonjwa, akamwona agrestis mara nyingi, kisha akafanya majaribio kwa sungura. Mwaka 1987 alitangaza kwamba sungura hao walipata vidonda vya kuoza, na kwamba agrestis ndiye aliyeelekea kuwa mkosaji. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Aliona kwa haki kwamba Loxosceles asingeweza kulaumiwa mahali asipokuwapo. Ila kumwondolea lawama mmoja si kumthibitishia mwingine, na kuwamo nyumbani si kuuma.

Mashaka yalianza kwa swali jepesi: mbona Ulaya, alikotoka buibui huyu na anakoishi na watu tangu zamani, hakuna aliyesikia vidonda vyake? Ilisemwa labda wa Marekani wamegeuka sumu. Mwaka 2001 Greta Binford alilinganisha sumu ya buibui wa pande zote mbili, asione tofauti kubwa ya kutosha kuunga mkono dhana hiyo. Mwaka 2004 Vetter na Isbister walipitia upya ushahidi wote wa wagonjwa. Walikuta kisa kimoja tu ambamo buibui aliyeuma alitambuliwa kuwa agrestis na mgonjwa akapata donda. Na mgonjwa huyo alikuwa na maradhi ya mishipa ya damu, ambayo yenyewe huweza kuleta donda. Visa vingine vyote vilikuwa vya kukisia.

Sharti walilolishika si gumu kulieleza: mtu awe amemwona buibui akimuuma, buibui akamatwe, na mtaalamu amtambue. Yafaa kukumbuka hapa jinsi Kiswahili kinavyolibeba jambo hili. Kitenzi kuuma chatumika kwa meno ya nyoka na kwa maumivu ya kichwa vilevile. Mtu huumwa na siafu na huumwa na tumbo. Kwa hiyo "ameumwa" pekee halimtaji mkosaji wala halithibitishi jeraha la meno. Mgonjwa wa Idaho aliyeamka na uvimbe mguuni alikuwa na neno la kuumwa katika lugha yake, nalo lilidai kuwapo kwa mnyama, mnyama akatafutwa.

Mwaka 2011 wachunguzi waliipima sumu ya agrestis wakaona haivunji chembe za damu. Walichunguza pia kama buibui huyo aweza kubeba mwilini bakteria sugu wa vidonda na kuwaambukiza watu, wasipate dalili yake. Kisha mwaka 2014 pakatolewa taarifa ya watu wa Oregon walioumwa na buibui waliokamatwa na kutambuliwa. Walikuwa 33. Mmoja tu kati yao aliumwa na agrestis: alipata maumivu, wekundu na kutukutika kwa misuli ya mguu, na yote yakaisha kwa muda wa saa 12. Kwamba ana sumu hapana shaka, kwani karibu buibui wote wanayo. Lakini yake imeelekea zaidi kwa wadudu, na tangu mwaka 1998 yajulikana kwamba ina protini ndogo zinazovuruga mishipa yao ya fahamu.

Vidonda vyenyewe, hata hivyo, ni vya kweli. Huletwa na bakteria, na kisukari, na kuziba kwa mishipa, na saratani ya ngozi, na mengine mengi, na kila kimoja kina dawa yake. Daktari akisha kuandika "buibui", uchunguzi husimama. Mwaka 2001 mjini New York mtoto mchanga wa miezi saba alidhaniwa ameumwa na Loxosceles, kumbe alikuwa na kimeta, kilichoenezwa mwaka ule kwa njia ya barua. Australia nako alisingiziwa buibui mwenye mkia mweupe. Mwaka 2003 Isbister na Gray walitangaza habari za watu 130 walioumwa naye kwa hakika, na hakuna hata mmoja aliyepata donda la kuoza.

Mwaka 2013 wanazuoni waliupanga upya ukoo wa Tegenaria, wakamtoa agrestis na kumtia katika ukoo mpya wa Eratigena. Jina hilo halina maana katika Kilatini wala Kigiriki: ni herufi zilezile za Tegenaria zilizochanganywa na kupangwa upya. Neno la pili halikuguswa.