Mvua Huosha Anga, Moshi Hubaki Jikoni

Kitui na Makueni hazina viwanda vingi wala foleni za magari kama za Nairobi, na wengi huona hilo latosha kusema kwamba hewa ya Ukambani ni safi. Ni safi kweli, ila si kila mwezi, si kila saa, wala si kila mahali. Yanayoamua ni matatu: msimu, umbo la ardhi, na mahali moto unapowashwa.

Tuanze na msimu. Mvua huja mara mbili kwa mwaka: Machi hadi Mei, kisha Oktoba hadi Disemba, na hizi za vuli ndizo wakulima wa huku wanazozitegemea zaidi. Katikati, kuanzia Juni, hupita miezi bila mvua ya maana. Mifugo humaliza nyasi, mashamba hubaki wazi, na udongo mwekundu hukosa cha kuushika. Ndicho kipindi pepo za kusi zinapovuma kutoka Bahari ya Hindi na kupita nyika ya Tsavo. Jua la mchana likishachoma ardhi, visulisuli huinuka mashambani. Lori la mchanga likipita kwenye barabara ya murram, miembe ya kandokando hugeuka rangi, na mwenye kibanda huanza tena kufuta nyanya zake moja moja.

Vumbi hilo huonekana, ndiyo maana hulalamikiwa. Lakini sehemu kubwa yake ni chembe nene zinazonaswa puani na kooni. Huleta kikohozi na macho mekundu. Za kuogopwa zaidi ni chembe zisizozidi mikromita 2.5, ambazo ni nyembamba kuliko unywele zaidi ya mara 20. Hizo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha chembe hizo linachopendekeza kwa wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo. Vijijini chembe hizo hutoka hasa kwenye moto: kuni za kupikia, makaa, matanuru ya matofali, takataka, na mabua yanayochomwa watu wakitayarisha mashamba kabla ya mvua.

Moshi huo uende wapi? Hapo ndipo umbo la ardhi linapoingia. Vilima vya Mbooni na Kilungu hupita mita 1,600, ilhali mashariki ya Kitui ardhi hushuka hadi karibu mita 400. Usiku usio na mawingu, ardhi hupoteza joto haraka. Hewa iliyoigusa hupoa, huwa nzito, na huteremka mabondeni. Juu yake hubaki hewa yenye joto zaidi, nayo hufanya kazi ya kifuniko cha sufuria: moshi wa jioni hupanda kidogo, hukwama, kisha hutandaa. Alfajiri utaukuta umelala kwenye bonde lenye nyumba nyingi. Jua likipanda, kufikia saa tatu au saa nne, hewa huanza kuchanganyika na moshi hutawanyika. Basi siku moja huwa na hewa mbili: moshi wa alfajiri mabondeni, vumbi la alasiri tambarare.

Kisha mvua za vuli hunyesha. Matone huangusha vumbi, majani huota, na mbali huonekana vizuri. Lakini wakati huohuo jiko lililokuwa uani huingizwa ndani. Kuni zimelowa, na kuni mbichi haziwaki vizuri, hufuka. Muthokoi, chakula cha mahindi yaliyokobolewa, hauivi upesi; mpishi hukaa karibu na mafiga kwa saa nyingi, mara nyingi mtoto akiwa mgongoni. Msimu ambao anga ni safi kuliko yote unaweza kuwa ndio mbaya zaidi kwa mapafu yao. Vilevile Julai, baridi ya vilimani huwafanya watu walale na jiko la makaa ndani, na hilo hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua.

Kwa hiyo dawa haiwezi kuwa moja. Mwaka 2018 serikali ya Kaunti ya Kitui, chini ya Gavana Charity Ngilu, ilipiga marufuku biashara ya makaa. Hoja kuu ilikuwa kuokoa miti, lakini mti unaobaki hushika udongo na kupunguza nguvu ya upepo, kwa hiyo ni kinga ya vumbi pia. Kwa moshi, kazi ianze Septemba: kuni zikatwe na kuanikwa mapema, paa la jiko litobolewe dirisha la moshi, tanuru lijengwe mbali na bonde lenye makazi. Na kaunti zikiweka vipimo vya hewa, baadhi viingie jikoni. Kipimo cha juu ya paa la ofisi mwezi wa Novemba kitasema hewa ni nzuri, na kitakuwa kimesema kweli kuhusu paa tu.