Daktari Alipoandika Cheti cha Chakula

Mara nyingi mama humleta mtoto zahanati akiwa amekonda, anaharisha, macho yameingia ndani. Hupewa dawa, hupata nafuu, hurudi nyumbani. Baada ya wiki chache yuko tena kwenye benchi lile lile. Je, dawa ilikuwa mbovu? La. Mtoto amerudi kwenye maji yale yale machafu na chungu kile kile kitupu. Mwezi huu tutazame jinsi kituo kimoja cha afya cha wakulima maskini kilivyolikabili jambo hili, tuone nasi tujifunze nini.

NJAA KATIKATI YA MASHAMBA

Mji mdogo wa Mound Bayou uko katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Ulianzishwa mwaka 1887 na Weusi waliokuwa watumwa. Nchi ya huko ni tambarare yenye rutuba, na zao lake kubwa lilikuwa pamba. Watu wengi walilima mashamba ya matajiri kwa kugawana mavuno, na mara nyingi mwaka uliisha wakiwa na madeni.

Kufikia miaka ya 1960 matajiri walikuwa wameleta mashine za kuvunia pamba na dawa za kuua magugu. Maelfu ya vibarua wakakosa kazi. Ardhi hawakuwa nayo, na fedha pia. Waliishi katika vibanda vibovu vya mbao, na wengine walichota maji ya mitaroni. Watoto waliugua utapiamlo na kuharisha, ndani ya nchi tajiri.

Mwaka 1967 kilifunguliwa hapo kituo cha afya kiitwacho Delta Health Center. Waanzilishi wake walikuwa madaktari Jack Geiger na Count Gibson wa Chuo Kikuu cha Tufts, na fedha zilitoka serikali kuu.

Jambo la kutufurahisha ni kwamba Geiger alijifunza kazi hii Afrika. Mwaka 1957, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, alikaa miezi kadhaa Afrika Kusini. Huko aliona kazi ya kituo cha Pholela, kilichoanzishwa mwaka 1940 na daktari Sidney Kark na mkewe Emily, naye daktari. Wahudumu wa Pholela walipita nyumba kwa nyumba. Pamoja na kutibu, walihimiza bustani za mboga, vyoo na maji safi.

DAWA YA NJAA

Madaktari wa Mound Bayou walipoona watoto wenye utapiamlo waliandika vyeti. Cheti hakikutaja vidonge, bali maziwa, nyama, mboga na matunda. Mzazi alikipeleka dukani, akapewa chakula, na mwenye duka akalipwa kutoka fungu la dawa la kituo. Wakubwa serikalini walikasirika. Walisema fungu hilo ni la dawa za kutibu magonjwa. Geiger aliwajibu kwamba, kwa kadiri ya vitabu vyake vya uganga, tiba ya utapiamlo ni chakula.

Lakini cheti hakiwezi kulisha familia miaka yote. John Hatch, aliyeshughulikia maendeleo ya jamii, alikutana na wananchi vijijini na kuwasikiliza. Vikaundwa vikundi 10 vya afya, kila kimoja na wawakilishi wake. Familia zikaanzisha ushirika wa kilimo. Watu waliozoea kulima pamba ya wengine sasa walilima chakula chao wenyewe. Kituo nacho kilisaidia kuchimba visima na vyoo na kutengeneza nyumba mbovu.

Mmoja wa walioongoza ushirika huo ni mama L. C. Dorsey, aliyekulia katika familia ya wakulima wa kugawana mavuno. Baadaye alipata elimu ya juu, akarudi kuwa mkurugenzi wa kituo chenyewe.

Leo Marekani ina mashirika ya vituo vya namna hii yapatayo 1,400, yanayohudumia watu zaidi ya milioni 30, wakiwemo vibarua wa mashambani. Malipo hutegemea kipato cha mtu. Kwa kawaida zaidi ya nusu ya wajumbe wa bodi hutakiwa kuwa watu wanaotibiwa hapo hapo.

NASI TUFANYE NINI?

1. Ukifika zahanati, mweleze mhudumu ukweli: maji mnachota wapi, mtoto anakula mara ngapi. Umaskini si aibu, na bila habari hiyo atatibu nusu ya ugonjwa.

2. Lima bustani karibu na nyumba: mchicha, matembele, kunde. Mtoto akitimiza miezi 6 aanze kula, huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Uji mtupu hautoshi. Tia karanga zilizosagwa laini, na umpe pia maharage, yai na matunda.

3. Chemsha maji ya kunywa. Tumia choo. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula na baada ya kutoka chooni.

4. Mtoto akiharisha, usimnyime chakula wala maziwa ya mama. Mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti. Ukikosa pakiti, changanya lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kufuta. Zahanati watampa pia vidonge vya zinki. Ukiona damu, macho kuingia ndani, kusinzia sana au kushindwa kunywa, mpeleke mara moja.

5. Kamati ya zahanati inapochaguliwa, nenda. Wachagueni pia akina mama na vibarua, maana ndio wanaojua maji yako mbali kiasi gani.

Twasema kila siku kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Basi tuianzie kisimani na jikoni, na tuwaombe waganga wetu waje watembelee huko pia.