Paa la Mikunjo kwa Banda la Uani

Huko Ngujini, katika milima ya Upare, uwanja wa tambarare ni haba; mwenye kutaka ghala la mahindi yampasa alitafute juu, si ubavuni. Ndipo twapendelea paa lenye mkunjo kila upande, kwani dari yake ni pana. Banda likiwa na upana wa mita 3, tuchore ardhini nusu duara kwa kamba ya mita 1.5, tuigawe mafungu manne sawasawa, tuunganishe alama kwa mistari iliyonyoka: kila kombamoyo ni sentimita 115 hivi. Kabla ya hapo msumeno usiguse ubao! Udhaifu u katika kiwiko; tukipigilie vibao pande zote mbili, na mtambaapanya uzifunge kuta zisisukumwe nje.