KIDUHA NA MMEA UNAOKISHINDA

Mkulima ajuaye kazi yake huyaogopa magugu kama aogopavyo jua kali, kwa kuwa magugu hula chakula cha mimea, hunywa maji yake na kuinyima mwanga. Tangu zamani silaha yetu ni jembe, wala si silaha mbaya. Lakini liko gugu moja lililolishinda jembe, nalo ni kiduha. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji jinsi gugu hilo linavyoshindwa na dawa itokayo katika mizizi ya mmea mwingine, maana jambo hili lina faida kubwa kwa watu walimao mahindi na mtama.

Kwanza yafaa tujue ya kuwa mimea nayo hupigana. Haina meno wala kucha, bali ina dawa zake. Wengi wameona jinsi majani yalivyo haba chini ya mikaratusi. Mtama nao una tabia hiyo: mizizi yake hutoa kitu kama mafuta kizuiacho magugu madogo yasikue. Huko Pakistani wataalamu waliyakatakata mabua ya mtama uliokomaa, wakayaloweka katika maji kwa muda wa saa 24, kisha wakayachuja maji yale na kuyanyunyiza katika mashamba ya ngano. Magugu yalipungua, ingawa hayakwisha.

Lakini maji ya namna hiyo hunyunyizwa juu ya ardhi, na kiduha huanza kazi yake chini ya ardhi. Hiyo ndiyo sababu ya ugumu wake. Maua yake hupendeza macho, mengine ya zambarau, mengine mekundu, lakini mmea mmoja waweza kutoa mbegu maelfu kwa maelfu, ndogo kama vumbi, nazo hukaa hai udongoni zaidi ya miaka 10. Mbegu hizo hungoja ishara. Mizizi ya mahindi itoapo kemikali zake, mbegu ya kiduha iliyo karibu huamka, ikatoa kimzizi, ikajishikiza katika mzizi wa mhindi na kuanza kufyonza maji na chakula. Mahindi hudumaa na kunyauka kana kwamba kuna ukame, hata kama mvua yanyesha. Mkulima aonapo maua ya kiduha, hasara imekwisha kuingia. Hapo ndipo tunapokumbuka neno la wazee, Kikulacho ki nguoni mwako. Shamba lililojaa gugu hili laweza kumnyima mwenyewe mavuno yote ya mwaka.

Basi, dawa yake ilionekanaje? Katika miaka ya 1990 wataalamu wa ICIPE, kituo cha uchunguzi wa wadudu kilichoko Kenya, pamoja na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, walikuwa wakitafuta njia ya kuwazuia viwavi watoboao mabua ya mahindi. Huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, walipanda mmea uitwao desmodiamu kati ya mistari ya mahindi, ili harufu yake iwafukuze nondo wazaao viwavi hao. Wakaona jambo wasilolitazamia: kiduha nacho kilipungua sana.

Desmodiamu ni wa jamii ya kunde, hutambaa, huufunika udongo na kuurutubisha. Mtu angeweza kudhani kuwa kivuli na rutuba ndivyo vilivyofanya kazi. Wataalamu hawakutosheka na dhana. Waliyachukua maji yaliyopita katika mizizi ya desmodiamu, wakayamwagilia mahindi yaliyopandwa katika udongo wenye mbegu za kiduha, na mahindi hayo yakashikwa kidogo kuliko yale yasiyopata maji hayo. Hivyo ikathibitika kuwa dawa imo katika mizizi. Mwaka 2003 walitangaza baadhi ya vitu vilivyomo: kimoja huamsha mbegu ya kiduha, na kingine hukizuia kimzizi chake kisikue. Mbegu huitwa itoke, kisha hufungiwa njia ya chakula, ikafa. Kwa hiyo akiba ya mbegu iliyomo udongoni huzidi kupungua mwaka hata mwaka. Ndipo twaona ukweli wa methali, Dawa ya moto ni moto.

Huenda msomaji akauliza, Je, nisichemshe majani ya desmodiamu nikamwaga maji yake shambani? La, sivyo. Dawa hiyo hutolewa na mizizi iliyo hai, kidogo kidogo, siku zote. Mmea wenyewe ndio chupa ya dawa.

Mwenye kutaka kujaribu na afuate mambo haya:

1. Ulainishe udongo vizuri, kwa kuwa mbegu za desmodiamu ni ndogo. Zichanganye na mchanga mkavu, uzipande katika vifereji vifupi vya kina kati ya mistari ya mahindi, uzifukie kwa udongo kidogo tu.

2. Msimu wa kwanza upalilie kwa uangalifu. Miche yake michanga hufanana na magugu, na mwenye haraka huing'oa.

3. Ukishika, hudumu miaka mingi. Ukate kabla ya kupanda mahindi tena, usije ukayafunika. Majani yake ni chakula kizuri cha ng'ombe na mbuzi, lakini mifugo isiachwe kuingia shambani.

4. Kiduha kitakachotokea kisiachwe kutoa maua. King'oe, ukichome moto.

Kwa kweli njia hii yataka subira. Mbegu za desmodiamu hununuliwa kwa fedha, msimu wa kwanza una kazi nyingi, na udongo uliojaa mbegu za kiduha hausafiki kwa mwaka mmoja. Tena kiduha husafiri kwa upepo, kwa maji na kwa mbegu chafu. Ajitahidiye peke yake huku jirani akilala hupata taabu upya. Kwa hiyo yafaa watu wa kijiji kimoja washauriane, wamwulize Bwana Shamba au Bibi Shamba wao, waanze pamoja hata kama ni kipande kidogo kwa kila nyumba. Ghala la mwakani hujazwa na kazi ya mwaka huu.