Fidia na Kalenda Yake

Mwananchi aliyeambiwa apishe mradi huuliza kwanza atalipwa kiasi gani. Atalipwa lini huja baadaye, na hapo ndipo wengi huumia.

Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 inampa Rais wa Tanzania mamlaka ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma. Ibara ya 24 ya Katiba nayo inakataza mtu kunyang'anywa mali bila fidia inayostahili. Ilidaiwa kwa miaka kwamba mkulima wa ardhi ya kimila hulipwa nyumba na mazao tu, ardhi yenyewe ikiwa ya umma. Mwaka 1994, katika kesi ya Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani iliamua kuwa haki yake juu ya ardhi hiyo ni mali inayolindwa na Katiba. Sheria za ardhi za 1999 zikakubali kwamba hata ardhi tupu ina thamani.

Siku ya uthamini ndiyo nzito kuliko zote. Mthamini hupita shambani na viongozi wa kijiji, akihesabu mikorosho na minazi, akipima vyumba, akiuliza makaburi. Mti mchanga na mti unaozaa bei zake ni tofauti, kwa hiyo mwenye shamba ahesabu mwenyewe kabla ya kusaini fomu, mwenzi wake akiwepo. Juu ya thamani hiyo kuna posho ya usumbufu, posho ya makazi ya kodi ya miezi 36, na usafiri wa tani 12 za mizigo ndani ya kilometa 20. Kwangu mimi kilometa 20 hazitoshi: anayeondolewa mjini mara nyingi hupata kiwanja mbali zaidi.

Baada ya kusaini huanza kusubiri. Hupandi mazao ya kudumu, huongezi chumba. Kwenye njia ya bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Tanga, wengi walithaminiwa kuanzia 2018, malipo yakaanza 2021. Mtoto aliyekuwa darasa la nne kaingia la saba, paa bado linavuja.

Sheria ya uthamini ya 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi 6 tangu uthamini uidhinishwe. Ikichelewa, riba inahesabiwa. Ikipita miaka 2, uthamini ule umekufa na unafanywa upya. Riba hiyo ni stahili yako. Idai kwa barua, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.