Muuaji Yupo, Hadithi Haipo

Mkazi wa Mbweni aliyewekewa The Snowman kwenye flashi, akaitazama hadi mwisho bila kuelewa nani alimfuata nani na kwa nini, asijilaumu. Filamu hiyo ya mwaka 2017 ina mashimo kweli.

Imetokana na riwaya ya Jo Nesbø wa Norway. Michael Fassbender ni mpelelezi Harry Hole, anayemsaka muuaji wa wanawake anayeacha sanamu za theluji. Vidokezo vinaletwa, kisha vinasahaulika. Mwigizaji Val Kilmer naye anatokea, sauti haifuati midomo. Mwongozaji Tomas Alfredson alikiri mwenyewe: muda wa kupiga picha ulikuwa mfupi mno, na kati ya asilimia 10 na 15 ya muswada haikurekodiwa kabisa. Wahariri wakabaki kushona shati lisilo na mkono mmoja.

Kwenye vibanda umiza (kumbi ndogo za video) vya Kinondoni na Temeke, pengo la namna hiyo lina fundi wake. Watafsiri wa filamu, akiwemo Lufufu aliyevuma Dar es Salaam, hawakutafsiri maneno tu. Waliongeza maelezo, utani na hata sababu ambazo picha haikuzionyesha.

Bila fundi kama huyo, The Snowman haistahili hata kiingilio cha kibanda.