Nyonga Haiamrishwi

Mwalimu wa dansi asiyeijua vyema kazi yake humwambia mwanafunzi: "Tikisa kiuno." Kosa huanzia hapo. Katika rumba ya mashindano, nyonga huufuata mguu. Mchezaji hukanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, kisigino kikashuka, goti likanyooka, na uzito wote wa mwili ukahamia upande huo. Ndipo nyonga inapojilaza pembeni, mabega yametulia. Anayeitikisa kwa nguvu hujulikana mara moja, kwani miguu yake haina habari na kiuno chake.

Liko na suala la mapigo. Monsieur Pierre, Mfaransa aliyefundisha dansi London, alikuwa tayari mwalimu mwenye jina alipokwenda Cuba mwaka 1947. Huko Havana, Pepe Rivera alimwonyesha kwamba hatua huanzia pigo la pili, wala si la kwanza. Pigo la kwanza huachiwa nyonga. Bwana huyo hakuona haya kuwa mwanafunzi. Alirudi akayageuza mafundisho yake, na baada ya mabishano marefu mtindo huo ukakubaliwa rasmi mwaka 1955.

Wakati huo rumba yenyewe, ile ya ngoma na kuimba ya makuli wenye asili ya Afrika katika Havana na Matanzas, haikungoja cheti cha mtu. UNESCO iliiorodhesha mwaka 2016. Dansi ya ukumbini ilichukua jina lake tu. Mwendo wake ulitoka zaidi katika son na bolero, za Cuba hiyo hiyo. Mwalimu anayefundisha nyonga bila ya kuitaja Cuba amefundisha nusu ya somo.